Eti Twende Ziwani Tukapumzike

Watu wameona picha za meli za kitalii, wenzao wamejilaza kando ya bwawa na miwani ya jua, basi wanaambiana: Jumamosi twende visiwa vya Ssese tukapumzike. Uganda bahari hatuna, Ziwa Victoria tunalo. Haya, twende.

Mapumziko yanaanzia kwenye foleni ya Nakiwogo, pale Entebbe. Meli ya MV Kalangala inaondoka saa nane mchana, kwa hiyo saa sita uwe umefika, maana inabeba abiria mia na kitu tu na Jumamosi Kampala nzima imechoka.

Sasa hiyo saa nane nani aliichagua? Mchana nchi kavu imechemka, hewa yake inapanda, upepo wa ziwani unakimbilia kujaza nafasi. Unavuma kutoka kusini. Na meli inaelekea wapi? Kusini! Ziwa Victoria lenyewe si bahari, upepo haupati masafa marefu ya kukuzia mawimbi, ndiyo maana mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima, yanafuatana kama matuta ya barabarani. Unatikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Tumbo likianza kuchafuka, mtu anainamia simu. Huyo kwisha habari yake. Sikio linasema tunayumba, jicho linasema tumetulia, kesi inapelekwa tumboni. Kaa katikati ya meli, sakafu ya chini, macho yatazame kule maji yanapogusana na mbingu. Na kidonge humezwa nusu saa au saa nzima kabla ya safari, ssebo, si baada ya kikomando, ile chapati na maharagwe, kuanza kurudi kilikotoka.

Halafu jaketi la kuokolea. Limevaliwa kama fulana ya kampeni, vifungo vinaning'inia. Ukianguka majini litaelea vizuri sana, lenyewe. Wewe utachomoka kwa chini. Funga vifungo vyote, kaza kamba, kisha mwenzako akuvute mabegani: likipanda hadi masikioni, bado halijakaza. Eti linabana! Suruali ya harusini haikubani?

Kinachouma zaidi ni ikweta. Entebbe iko kaskazini yake, Kalangala tunakokwenda kusini, kwa hiyo mnaivuka humo humo ziwani. Kwenye meli za baharini anayeivuka mara ya kwanza humwagiwa maji, hufanyiwa vituko, hata cheti hupewa. Kayabwe kwenyewe, barabara ya Masaka, ikweta inapopita kuna duara la saruji na watu wanagombea kupiga picha. Humu hata honi hakuna. Unavuka umesinzia, mdomo wazi, na likitokea lile wingu la sami, vile vidudu vya ziwani, linalofanana na moshi wa tanuri la matofali, umekula bila kuagiza. Hawaumi, lakini mdomo funga.

Mwendo ni saa tatu na nusu. Ukishuka Lutoboka, bandari ya Kalangala, ardhi yenyewe bado inayumba, ni saa kumi na moja na nusu, na lile jua ulilolibebea taulo ndilo linaaga.