Lugha Isiyo na Mwenyewe

Nikiwa darasa la nne, nilivishwa kibao shingoni kwa kuponyokwa na neno moja la lugha ya nyumbani. Kipande cha mbao, kamba ya katani, na nikakaa nacho mpaka kengele ya jioni. Ndiyo maana habari za Ludwik Zamenhof, mtu aliyebuni lugha ya Kiesperanto ili iwe ya watu wote, huniingia moyoni.

Alizaliwa mwaka 1859 Białystok, mji wa Poland ya leo, wakati huo chini ya Urusi. Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi humo wakichukiana, kila kundi na lugha yake. Alipokuwa daktari wa macho, mwaka 1887 alichapisha Warsaw kijitabu cha lugha hiyo mpya kwa jina la Doktoro Esperanto, daktari mwenye matumaini. Kanuni za sarufi zilikuwa 16 tu.

Msemaji wa Kiswahili haoni ugeni mle. Sisi kwenye soma tunapata somo, msomi, somesha. Yeye kwenye lerni, kujifunza, anapata lernejo, shule, na lernanto, mwanafunzi. Bona ni nzuri. Tanguliza mal, imekuwa mbaya. Nilikijaribu jioni moja kwenye matatu ya Kayole, nikashuka nimeshaunda maneno ambayo sikuyasoma popote.

Wapo wanaosema Kiesperanto kilikufa. Kuuawa kilitakiwa kweli: Stalin aliwaandama wasemaji wake, na watoto wote watatu wa Zamenhof waliuawa na Wanazi. Bado kipo. Mwaka 2024 kongamano lake la dunia lilifika Afrika kwa mara ya kwanza, hapo Arusha.

Sisemi kichukue nafasi ya Kiswahili. Katika soko la Gikomba, Nairobi, Mkamba na Mluo wanauziana mitumba kwa Kiswahili na wanaelewana vizuri. Lakini hata Kiswahili kina wenyewe. Nikifungua kinywa Mombasa, nimeshajulikana kuwa mtu wa bara. Kiingereza ndiyo balaa zaidi: ukichanganya r na l, unachekwa na watu waliokisoma kwa viboko kama wewe. Kwa Kiesperanto, profesa wa Paris na fundi wa jua kali wa Kamukunji wote huanza kama wanafunzi.

Binti yangu yuko gredi ya nne sasa. Juzi nilimwonyesha granda, kubwa, naye akaandika malgranda bila kuambiwa. Kisha akauliza ni nani atakayemsahihisha akikosea. Nikamjibu: yeyote, na wewe umsahihishe yeye.