Wanatafuta Kisichoonekana kwa Hela Zinazoonekana

Petroli imepanda tena, abiria ananigombeza kwa sababu ya mia mbili, tairi ya nyuma ya bajaji imebaki kipara, halafu Mzee Ndahani anataka tuzungumzie mwisho wa dunia.

Kijiweni kwetu, jirani na Soko la Majengo, kahawa hainyweki kimya. Lazima pawe na mada. Juzi ilikuwa Simba na Yanga, kabla ya hapo ilikuwa ni kwa nini maji hutoka saa nane usiku wakati ndoo zimelala. Sasa mada ni handaki. Mzee katumiwa video na mkwewe, kaiangalia mpaka bando likakata, na amekuja na taarifa kamili: huko Ulaya, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, watu wamechimba handaki la mviringo la kilomita 27, mita kama mia moja chini ya ardhi. Humo wanagonganisha vitu visivyoonekana kwa macho, na siku yoyote litatokea shimo jeusi limeze dunia nzima.

"Na Dodoma?" akauliza muuza karanga.

"Dunia nzima, bwana. Kwani Dodoma iko wapi?"

"Nimeuliza tu, Mzee. Maana kuna mambo yakianzia Dar huku huwa yanachelewa."

Wote wakanigeukia mimi. Kisa binti yangu Neema anasoma fizikia pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kijiwe kizima kimeamua mimi ndiye msemaji wa sayansi. Radi ikipiga, Baba Neema. Tetemeko likipita usiku, na hapa Dodoma hupita, Baba Neema. Mimi niliishia darasa la saba, na sayansi niliielewa siku ile tu tuliyopanda maharage kwenye kopo.

Nikamfuata msemaji halisi nyumbani. Alikuwa kibarazani anachambua mchele, akiokota vijiwe na kuvirusha kuku wakimbilie.

"Baba, hiyo habari ya zamani," akasema hata bila kuinua kichwa. "Mtambo wenyewe unaitwa LHC, wa shirika la utafiti wa chembe la CERN, na waliuwasha tarehe 10 Septemba 2008. Watu waliogopa vilevile, wengine wakaenda mahakamani kule Hawaii kutaka uzuiwe. Mimi nilikuwa chekechea."

Kwa hiyo mwisho wa dunia ulishapita Neema akiwa chekechea, na mimi nikaendelea kulipa kodi ya nyumba kama mjinga.

Nikamwambia anieleze basi wanafanya nini humo. Akasema wanachukua gesi ya haidrojeni, wanaivua elektroni, zinabaki protoni, vile vichembe vya katikati ya atomu. Kundi moja la protoni wanalizungusha upande huu, jingine upande ule, kila moja linazunguka handaki zaidi ya mara elfu kumi na moja kwa sekunde moja, kisha wanayakutanisha uso kwa uso.

"Mara elfu kumi na moja kwa sekunde?"

"Ndiyo, Baba."

"Bila abiria?"

Hakunijibu. Lakini nyinyi mnaoendesha bajaji mnanielewa. Mimi nikizunguka mara mbili kutoka Sabasaba mpaka Area C sijapata mtu, roho inaniuma hadi kwenye kisigino. Mafuta ya nani hayo?

Kuhusu shimo jeusi akanituliza hivi. Ule mgongano mmoja, pamoja na makelele yake yote, nguvu yake ni sawa na ya mbu kumi na kitu wakiwa wanaruka, ila imebanwa kwenye nafasi ndogo kupita maelezo. Pili, kuna mionzi inatoka anga za mbali inaipiga dunia hii kila siku, mingine ina nguvu kuliko mtambo ule kwa mbali sana, na imekuwa ikiipiga kwa mabilioni ya miaka. Ingekuwa ya kutumeza, ingeshatumeza kabla hata zabibu haijafika Dodoma.

Mbu kumi na kitu! Nkuhungu ninakoishi, mvua zikianza mbu wa idadi hiyo wanaingia kwenye neti kabla sijavua viatu. Na hakuna aliyewahi kuniletea hata faranga moja ya utafiti.

Nikapeleka majibu kijiweni nikidhani nimemaliza. Mzee Ndahani akanyonya kahawa, akafikiri, akasema: "Kama huko juu mionzi inagongana bure, wao wanalipia nini huko chini?"

Nikapiga simu. Salio langu, mjue. Neema akasema swali la babu ni zuri. (Hakuna swali langu aliloliita zuri.) Akasema huko juu huwezi kuchagua lini wala wapi itagonga, kule chini unajua mahali penyewe, kwa hiyo unaweka mashine ya kuangalia papo hapo. Mashine moja inaitwa ATLAS, urefu wake mita 46, kimo mita 25, uzito tani 7,000. Ghorofa zima limefukiwa chini, kazi yake ni kuchungulia.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kijiwe kinaogopa kitu kisicho chake. Kumezwa kwa dunia si mzigo wangu peke yangu, tutamezwa wote pamoja na wenye nyumba. Kinachonikosesha usingizi mimi ni bei.

Kwanza baridi. Zile sumaku zinazopinda njia ya protoni lazima zipoe hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Neema anasema ni baridi kuliko anga za mbali kabisa. Mimi Juni hapa Dodoma alfajiri navaa makoti mawili na bado meno yanagongana, wao wanalipa hela waitengeneze baridi! Na ya kuitengenezea ni gesi inayoitwa heliamu, zaidi ya tani mia moja. Muuza karanga akadakia kwamba heliamu mbona ipo Rukwa, ilitangazwa mwaka 2016 kwamba imegunduliwa nyingi. Kijiwe kikachangamka ghafla. Watu waliokuwa wanakufa dakika tano zilizopita wakaanza kugawana faida. Mzee Ndahani, aliyekuja na habari za kiama, akauliza kama huku Chamwino kwenye shamba lake haiwezi kuwepo hata kidogo, maana kuna kisima kikichotwa kinatoa mapovu.

Pili, ubovu. Mtambo wa mabilioni uliwashwa tarehe 10, tarehe 19 ukafa. Siku tisa! Chanzo: kiungio cha umeme kati ya sumaku na sumaku hakikukaa sawa, kikaungua, tani kadhaa za heliamu zikavuja, sumaku zaidi ya hamsini zikaharibika. Matengenezo yakavuka mwaka mzima. Mimi fundi wangu wa waya akiniambia "ni kiungio tu, Baba Neema" huwa nakasirika, kumbe ni ugonjwa wa kimataifa. Mwaka 2016 mnyama fulani wa jamii ya kicheche akaingia kwenye transfoma yao akaitafuna, mtambo ukazimika, naye akafa hapohapo. Nilipolieleza hilo kijiweni hakuna aliyecheka. Muuza karanga aliinama kidogo, maana mtaani kwao transfoma ilipasuka na wakakaa gizani mpaka wakaanza kuzoea, na hawakuwahi kuambiwa hata ni mnyama gani.

Ila nikiri hao watu wana subira. Kuna mzee wa Kiingereza, Peter Higgs, mwaka 1964 aliandika kwamba lazima kuna kitu fulani kinachozipa chembe za msingi uzito wake. Wapo wengine walioandika hivyo mwaka huohuo. Chembe ya kitu hicho, iliyopewa jina lake Higgs, ikatangazwa kupatikana tarehe 4 Julai 2012, na mwaka uliofuata akapewa Nobeli pamoja na François Englert wa Ubelgiji. Amengoja miaka 48. Nilifarijika sana, kwa sababu na mimi kuna hati ya kiwanja naifuatilia katika ofisi moja hapa mjini na kila nikienda naambiwa ipo kwenye mchakato. Sasa najua mchakato unaweza kufika wapi. Higgs alifariki mwaka 2024, lakini jibu lake alishalipokea mkononi.

Chembe hiyo mwanafizikia Leon Lederman aliibandika kwenye kitabu chake jina la chembe ya Mungu, waandishi wa habari wakalisambaza, ingawa wanasayansi wengi hawalipendi. Mke wangu pia halipendi. "Mungu hana chembe," alisema, mada ikafungwa pale nyumbani. Mimi swali langu lilikuwa la kibiashara: kama wamekijua kinacholeta uzito, wanaweza kukipunguza? Nina abiria wangu wa soko anapanda na magunia mawili ya karanga na analipia kiti kimoja. Neema akasema hapana, na tena uzito mwingi wa gunia hautokani na Higgs, unatokana na nguvu inayozishika chembe ndani ya protoni. Kwa hiyo hata wa kumlaumu sina.

Sasa tuje kwenye hela. Wenye mtambo, shirika la CERN, liliundwa mwaka 1954 na nchi 12, leo zimepita 20, na kila nchi inachanga kulingana na pato lake. Na kabla hatujamaliza kushangaa handaki la kwanza, wanapanga la pili, la kilomita 91, la kuanza kazi miaka ya 2040 huko. Mzee Ndahani kwa kilomita hakushtuka. "Tisini na moja? Barabara yetu ya mzunguko wa nje ni mia moja na kumi na mbili, na hakuna aliyesema dunia itaisha." Sawa. Lakini gharama yake wanaikadiria faranga bilioni 15 za Uswisi.

Nikaenda dukani kwa Mangi kuazima kikokotoo ili niijue kwa shilingi. Nikaweka kumi na tano na sifuri zake tisa, nikazidisha kwa elfu tatu, maana faranga inacheza hapo. Kikokotoo kikawaza kidogo, kikaandika E. Mangi akafuta, akarudia mwenyewe kwa kidole cha mwenye duka. E. Akakitikisa. E. Akaniuliza kwa upole nataka kukopa nini.

Na haijulikani watapata nini! Hili ndilo linaloniumiza. Hawafichi. Wanasema wazi kwamba huenda wakakuta kitu kipya, huenda wasikute. Wapo wanafizikia wenyewe wanaopinga, wanasema hela hiyo ingefaa kwenye tafiti nyingine. Marekani walianza la kwao Texas, la kilomita 87, wakachimba, wakatumia kama dola bilioni mbili, mwaka 1993 Bunge lao likasema basi. Pagala la chini ya ardhi. Sisi mapagala yetu angalau mbuzi wanajikinga mvua.

Neema huwa analeta utetezi wake hapo. Anasema mwaka 1989 pale CERN kulikuwa na kijana Mwingereza, Tim Berners-Lee, alikuwa anatafuta namna wanasayansi wasomeane karatasi zao kwenye kompyuta. Akabuni wavuti, ile www ya kwenye intaneti, na mwaka 1993 shirika likaiachia dunia bure, hakuna wa kulipwa. Nani alitegemea hilo watu wakitafuta chembe? Anasema pia mashine za kuharakisha chembe ziko hospitali, zinatibu saratani.

Ya hospitali nayakubali kwa mikono miwili. Ya wavuti nina neno. Maana yake hao watu wa handaki ndio waliotengeneza njia, video ikapita njiani humo ikisema wao wenyewe watatuua, ikamfikia mkwe, ikamfikia Mzee Ndahani, naye akanipigia saa kumi alfajiri kuniuliza kama atandaze mtama wake juani au aache tu.

Tofauti yangu na wao nimeitafuta sana. Mimi nikimwambia Mama Neema nataka laki tatu, naulizwa ya nini, ya lini, risiti iko wapi, na ile ya mwezi uliopita ilikwenda wapi. Nikisema sijui bado, naitwa mlevi. Wao wanasema hawajui bado, wanaitwa maprofesa na wanapewa chai.

Jumapili kikoba kilipokutana pale kwetu, nikasimama. Mama Neema ndiye mweka hazina, kaketi na sanduku mapajani, funguo ziko kwa wengine watatu. Nikaomba mkopo kwa lugha ya kisayansi. Nikasema: ndugu wanachama, tairi ni sehemu tu, hela iliyobaki nataka kuzunguka nayo, sifahamu nitakuta nini, lakini miaka ijayo huenda watoto wenu wakanishukuru. Nikawatajia Higgs, nikawatajia wavuti. Akina mama wawili wakapiga makofi, nadhani walifikiri nimeokoka.

Mweka hazina akafungua daftari, akalamba kidole, akatafuta ukurasa wangu.

"Hao wa handaki wamedhaminiwa na nchi zaidi ya ishirini," akasema. "Wewe, Baba Neema, umeandika mdhamini wako ni Mzee Ndahani. Na Mzee Ndahani rejesho la mwezi huu hajaleta, anasema dunia inaisha."