Swali la Mfungwa Kwenye Jumapili ya Furaha

Jumapili ya tatu ya Majilio, yale majuma ya kungojea Noeli, padre huvua zambarau na kuvaa waridi, kwaya inazidisha ngoma, na sote tunaambiwa tufurahi. Halafu, ukiwa ni Mwaka A wa liturujia, yaani wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya misa, tunasomewa habari za mtu aliye gerezani ambaye hana hakika tena.

Ni Yohana Mbatizaji. Yule yule aliyempokea Yesu mtoni Yordani sasa amefungwa na Herode Antipa. Mwanahistoria Josephus anaitaja ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, kuwa ndipo alipofungwa. Yohana anatuma wanafunzi wake wakamwulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Nafurahi kwamba swali hilo limewekwa siku hiyo hasa. Wengi ninaowajua wanalo moyoni Desemba hii, ila wanaona haya kulitamka. Vuli imesuasua na mahindi yamejikunja yakiwa hayajafika magotini. Vijana wenye vyeti wanaendesha bodaboda za watu, na jioni hesabu ya tajiri lazima ipatikane. Mbele kuna Januari na ada zake. Ukienda kwenye mkesha unaambiwa mwaka ujao ni wako, panda mbegu tu, yaani toa sadaka. Usipovuna, basi imani yako ilikuwa haba! Mafundisho ya namna hiyo yananikera kuliko ukame wenyewe.

Yesu hakumkaripia Yohana. Alimjibu kwa mambo yanayoonekana: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, maskini wanahubiriwa habari njema. Kisha akamsifu mbele ya umati. Lakini hakumtoa gerezani. Hapo wahubiri wengi hupita mbio, maana Yohana aliishia kukatwa kichwa kwa ajili ya karamu ya wakubwa. Kwa hiyo sijaahidiwa kwamba shida yangu itakwisha kabla ya mwaka kugeuka. Nimeambiwa kwamba Mungu yuko kazini, hata kama mimi bado nimefungiwa ndani. Ni tumaini gumu, na kuna siku linanishinda. Ila ndilo pekee ninaloweza kumwambia mama aliyefiwa na mwanawe huku namtazama usoni.

Kwenye jumuiya yetu ndogondogo, ajenda ya wiki hiyo ilikuwa kitenge cha sare ya Noeli. Mwenyekiti alikwisha kuleta kipande cha sampuli kutoka dukani. Mama mmoja anayeuza mandazi akasema mwaka huu hana, na kama sare ni lazima, atasali nyumbani. Mabishano yakaanza. Mzee mmoja akafungua somo la pili la Jumapili hiyo, Waraka wa Yakobo, panaposemwa kuhusu mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Sisi wa vuli na masika hatuhitaji kufafanuliwa. Yeye akauliza tu: "Sasa huyu anayengoja mvua ya mwisho, hapo katikati anakula nini?"

Kitenge kikaachwa, ingawa si wote waliopenda. Michango ikanunua unga, maharage na mafuta ya kula, tukavipeleka kwenye nyumba zenye dhiki zaidi, zikiwemo za majirani zetu Waislamu. Kuna waliosema tumeivunjia jumuiya heshima, kwamba siku ya Noeli tutaonekana kama watu waliookotwa njiani. Mimi nitavaa shati langu la mwaka juzi.