Nauli ya mgonjwa ni sehemu ya tiba

Jumamosi iliyopita nilitoka kikaoni natetemeka kwa hasira na mpaka leo haijanitoka, ndo maana naandika. Ni kamati yetu ya kujitolea, tunachangisha hela za saratani, sehemu inaenda kwenye utafiti na sehemu inaenda kwa wagonjwa wenyewe, yaani nauli, mahali pa kulala karibu na hospitali, ushauri nasaha, mtu wa kupokea simu usiku mgonjwa akirudi kutoka kwenye kemo, zile dawa kali za saratani, halafu homa ikampanda. Sasa mjumbe mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, akasimama akasema fungu la nauli lifutwe lote. Kwamba wafadhili wanataka kusikia tunatafuta dawa, hawataki kusikia tunalipia watu magari. Akamalizia kwamba nauli haijawahi kumponya mtu. Na watu wakaitikia.

Mimi hapo hapo nikamkumbuka shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Akapangiwa mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa wiki tano mfululizo, na kemo mara moja kila wiki, halafu mwishoni mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Alipewa kadi ngumu yenye vyumba 25, kila akitoka kwenye mashine anagongewa muhuri kwenye chumba kimoja. Nyongani alichorwa alama za wino ili mashine ilenge palepale kila siku, akaambiwa zisifutike, basi mama wa watu akawa anaoga kwa kuzizungukia na kitambaa kama anayeoga na kidonda kibichi. Alikuwa anaitunza ile kadi kuliko kitambulisho chake. Vyumba 11 vya mwanzo mihuri imefuatana vizuri, tarehe kwa tarehe. Halafu kuna pengo, siku sita za tiba hakwenda. Nauli ilikuwa imeisha na hakutuambia, manake alishatuomba mara kadhaa na sasa alikuwa anaona aibu.

Mashine ilikuwa nzima. Madaktari walikuwa kazini, dawa ipo. Aliyekosekana ni mgonjwa.

Nilipomuuliza shangazi mbona hukusema, akaniambia, "Mwanangu, na nyie mna watoto wenu. Nikasema nipumzike kidogo nitaendelea."

Sasa nataka mtu yeyote anayesema nauli haiponyi aelewe maana ya kupumzika kidogo katikati ya mionzi. Mgonjwa anapumzika ila chembe za saratani hazipumziki, ukiziachia siku zinazaliana upya, na tiba ikishaanza zile zilizobaki zinaweza kuzaliana kwa kasi kuliko mwanzo. Ndo maana kwa saratani ya mlango wa kizazi madaktari wanataka mionzi yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki 8, na kila siku inayozidi hapo inapunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe. Saratani za kichwa na shingo nazo ni hivyohivyo. Hayo si maneno ya uchungu wangu, yamepatikana kwa utafiti, huohuo utafiti ambao mjumbe wetu anataka upewe hela zote. Utafiti wenyewe umeshatuambia mgonjwa asikose siku, halafu sisi tunafuta fungu linalomfikisha hospitali?

Shangazi alimaliza wiki ya 10. Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi, na hatunaye tena. Siwezi kuapa kwamba zile siku sita ndo zilimwondoa, hakuna daktari atakayekuapia hivyo kwa mtu mmoja. Ila najua kwamba hakupata tiba ile aliyoandikiwa, na najua kilichomzuia kilikuwa kitu kidogo ambacho kamati kama yetu ingeweza kukilipa bila hata kukihisi.

Na hili la kushindanisha utafiti na huduma linanishangaza zaidi ukiangalia hizi harambee za saratani zilikotoka. Mwaka 1948 pale Boston, Marekani, kulikuwa na daktari anaitwa Sidney Farber, ndiye aliyekuwa ametoka kuonyesha kwamba dawa inaweza kuirudisha nyuma leukemia ya watoto, yaani saratani ya damu, kitu ambacho kabla ya hapo hakikuwepo kabisa, mtoto akigundulika ilikuwa ni kusubiri msiba. Alihitaji hela. Wakamweka redioni mtoto wa miaka 12 aliyekuwa amelazwa, wakampa jina la Jimmy kumficha, wachezaji wa timu ya besiboli anayoipenda wakaja mpaka kitandani kwake, na wasikilizaji wakaambiwa tukifikisha dola 20,000 Jimmy atanunuliwa televisheni aangalie timu yake ikicheza. Zikaja zaidi ya dola 200,000. Televisheni akapata, na mfuko ukaendelea mpaka leo unaitwa Jimmy Fund. Hebu fikiria hilo vizuri. Watu walitoa kwa sababu walimsikia mtoto mgonjwa anataka kuangalia mpira na wakataka apate hicho alichokitaka, na hela ya maabara ikaja humohumo. (Yule mtoto alipona, akazeeka, alifariki 2001 akiwa na miaka 65.)

Na Farber mwenyewe, mtu wa maabara hasa, hakutaka kabisa kutenganisha hivi vitu. Alisisitiza kwamba dawa, lishe, ushauri, na hali ya familia nzima vishughulikiwe na timu moja mahali pamoja. Kama yeye aliyefungua njia ya kemo aliona hivyo, sisi ni nani tukae kwenye viti vya plastiki tuseme huduma ni kitu cha pembeni.

Na kwa anayetaka takwimu tu, zipo. Mwaka 2010, hukohuko Boston, Jennifer Temel na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Wote walipata matibabu ya kawaida ya saratani, ila nusu wakaunganishwa mapema na watu wa tiba shufaa, yaani wa kukaa nao, kuwasikiliza, kutuliza maumivu na kichefuchefu, kuongea nao na familia zao kuhusu kinachokuja. Hao walikuwa na nafuu zaidi, wachache zaidi walizama kwenye sonona, na wakaishi muda mrefu zaidi, miezi 11.6 ukilinganisha na 8.9, tena huku wakipewa matibabu makali machache zaidi siku za mwisho. Karibu miezi mitatu. Kuna dawa za bei mbaya zimeshangiliwa kwa chini ya hapo.

Nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba bila utafiti nauli ingempeleka shangazi kwenye hospitali isiyo na la kumfanyia. Leukemia ile ya watoto ambayo Farber alihangaika nayo, leo kwenye nchi zenye uwezo karibu watoto 9 kati ya 10 wa aina inayowapata wengi wanapona, na hiyo ni kazi ya miaka na miaka ya majaribio yaliyolipiwa na watu wasiojulikana. Sitaki hata senti itoke kwenye utafiti. Ila hata majaribio hayo yanahitaji mgonjwa arudi kliniki, apimwe damu, arudi tena, na asipokuwa na nauli anatoka kwenye utafiti, kwa hiyo mnabaki na majibu ya wenye magari tu.

Nakubali pia kuna wanaokula hela za wagonjwa. Wapo, nimewaona. Dawa yake ni risiti na ukaguzi.

Na wafadhili mnaotoa hela mkaandika "kwa ajili ya mashine tu", naomba mfikirie upya. Mashine ina picha nzuri ya kukata utepe, hilo naelewa, mtu anataka kuona alichokifanya. Kadi yenye mihuri 25 bila pengo haina cha kupigia picha.

Kuna jambo lingine sikulisema kikaoni kwa sababu sauti ilishaanza kukatika. Kwenye benchi la kusubiria mionzi kulikuwa na mama mmoja wa kujitolea, naye aliugua saratani miaka ya nyuma akapona. Hakuwa na dawa yoyote mkononi. Alikuwa anakaa pembeni ya shangazi na kumweleza mambo ambayo daktari hana muda nayo na mimi nisingeyajua, ngozi ikianza kuwaka ufanye nini, nguo gani haisugui, ukitoka damu kidogo usiogope ila ikizidi hivi nenda wodini usisubiri kesho. Siku ya kwanza shangazi kurudi baada ya lile pengo, ni huyo mama aliyemshika mkono mlangoni, manake shangazi alitaka kugeuza, alikuwa anaogopa kugombezwa. Mama huyo naye nauli yake ilikuwa inatoka kwenye fungu kama hilo mnalotaka kulifuta.

Uamuzi umeahirishwa, kikao ni Jumamosi hii. Kadi ya shangazi bado ninayo, nitaiweka mezani na nitamwomba mjumbe wetu aihesabu mwenyewe, chumba kwa chumba, akifika kwenye tarehe zilizorukwa anieleze hapo pangewekwa nini.