Wiki nne za kubisha hodi

Mjomba wangu alianza ARV siku ya Jumatatu, kichwa kikiwa tayari kimemuuma wiki nzima. Akapimwa malaria, hana. Nyumbani tukamwambia ni dawa hizo, mwili utazoea. Wiki ya tatu hakutaka tena mwanga. Mchana kweupe anaomba pazia lishushwe, na taulo lenye maji baridi halitoki kwenye paji la uso. Tulimzika chupa ya kwanza ya vidonge ikiwa bado na dawa ndani.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alichelewa tu, basi. Kilichonibadilisha mawazo ni kazi ya Dk. Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Yeye na wenzake, Dar es Salaam na Lusaka, waliwafuatilia watu 1,999 wenye VVU ambao CD4 zao, yaani seli za kinga katika damu, zilikuwa chini ya 200, yaani watu kama mjomba, waliofika kliniki kinga ikiwa imeshuka sana. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa vitu viwili: kipimo cha damu cha kutafuta fangasi aitwaye kriptokokasi, na mhudumu wa jamii aliyewatembelea nyumbani kila wiki kwa wiki nne za mwanzo wa dawa.

Fangasi huyo anaishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege. Sote tunamvuta na hewa, na mwenye kinga humdhibiti. Kinga ikianguka anapanda hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Kipimo chenyewe ni kijikaratasi chembamba: unakitumbukiza kwenye tone la majimaji ya damu, unasubiri dakika kumi, unatazama kama mistari ni miwili. Aliyekutwa naye kabla hajaugua kichwa anapewa flukonazo, dawa ya kuua fangasi.

Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Baada ya mwaka mmoja, huduma ya kawaida ilikuwa imepoteza watu 180 kati ya 998. Upande wa pili walikuwa wamefariki 134 kati ya 1,001. Kwa hesabu ya watafiti wenyewe, vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Namba inayonikaa kichwani kuliko zote ni 38. Ndio waliokutwa na fangasi katika kundi lililopimwa. Tofauti ya vifo ni 46. Hata tukisema kipimo kiliwaokoa wote 38, na hakikuwaokoa wote, bado hesabu haitimii. Mimi naamini kilichobaki ni kazi ya yule anayebisha hodi. Anauliza umekula nini, umemeza saa ngapi, kichwa vipi, homa ya usiku imekwisha? Akiona mambo si mazuri anasema twende hospitali leo, hatusubiri tarehe ya kliniki. Hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa mtu aliyefundishwa dalili za hatari na kulipwa nauli na posho ya kazi yake.

Ndiyo maana nasikitika tunapomhesabu mhudumu huyu kama nyongeza, kitu cha mradi, mradi ukifungwa naye anaondoka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wa jamii walikuwa miongoni mwa walioambiwa wakae nyumbani. Vidonge vilitafutiwa njia haraka, na ni sawa. Lakini ziara za wiki nne ni tiba pia. Kwa mwenye CD4 50 naona zina uzito sawa na kidonge. Ziwekwe kwenye bajeti ya halmashauri, kwa jina lake, kama zinavyowekwa glovu.

Na CD4 ipimwe. Tangu tuanze kumpa kila mwenye VVU dawa bila kusubiri kinga ishuke, jambo jema kabisa, watu wengi wanaanza dozi bila kipimo hicho kufanyika. Usipoijua CD4 hutajua nani apimwe fangasi, wala mlango upi ubishwe kwanza.

Kutoka kituo alichochukulia dawa hadi kwa mjomba ni dakika kumi na tano kwa mguu.