Ng'ombe wa Mama

Leo alfajiri, hata sijanawa uso, nimegundua kwamba mega za intaneti nilizonunua jana kwa shughuli zangu za heshima zimekwisha zote, na aliyezila ni mama yangu mzazi, mwenye miaka 71, aliyeazima simu yangu ili atazame kwaya moja tu.

Sikatai kwamba video fupi za simuni zina faida. Tangu baba atutoke, nyumba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, ilikuwa imepooza. Sasa mama anacheka hadi anajifuta machozi, na jioni wajane wenzake humzunguka jamvini kutazama pamoja naye. Dawa za magoti anazofundishwa humo, leo tangawizi, kesho kitunguu saumu, nimezivumilia. Habari ya umeme tuiache, tunajuana.

Kilichonishinda ni ng'ombe. Usiku mmoja mama alipitiwa na usingizi simu ikiwa kifuani, video ya mnada wa ng'ombe ikijirudia hadi betri ikaisha. Sasa, programu za namna ya TikTok huangalia mtu amekaa na video kwa muda gani, wala hazijui kama macho yenyewe yamefumba. Kulipokucha wakaja ng'ombe wa Brazil, ng'ombe wa India, ng'ombe wanaooshwa, ng'ombe wanaozaa. Mama akavua miwani, akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hulitumia kwenye misiba na mahari.

«Mwanangu, Mungu ananionyesha ng'ombe.»

«Mama, ni simu inayokuonyesha.»

«Na simu, nani anaituma?»

Nilimweleza, kwa adabu zote anazostahili mzazi, habari ya mitambo inayohesabu sekunde, nikamsihi akandamize video kwa kidole hadi patokee mahali pa kusema haimpendezi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ng'ombe atafungwa upande gani wa ua. Jamani! Ua ambao hata kamba ya nguo haijinyooshi! Sisi tunaokula bukari, yaani ugali, kwa matembele mchana na matembele kwa bukari usiku, ng'ombe tumpe nini? Akanijibu kwa utulivu kwamba yuko mama mmoja wa Kenya, si mtaa wetu wa Kenya bali nchi yenyewe, anayefuga watatu nyuma ya jiko.

Nikamwita jirani, mstaafu wa reli, mtu mwenye busara zake, anisaidie kumshauri. Alikuja na fimbo, akaketi, akaomba aone kidogo tu, na hadi saa nne usiku walikuwa wakibishana kama lile dume jeupe ni la nyama au la maziwa, huku mke wangu akiniuliza kwa macho kama mgeni naye anakula hapa.