Uwanja wa ndege wa St Helena na lile jina baya walilouvisha

Kila ukitajwa uwanja wa ndege wa St Helena, kile kisiwa cha Uingereza katikati ya Atlantiki ya Kusini, lazima atokee mtu arudie maneno ya magazeti ya kule Uingereza ya 2016, eti ndio uwanja usio na kazi kuliko vyote duniani. Na hoja zao zina uzito, tusiwaonee. Pauni milioni 285 za walipa kodi kwa watu kama 4,500, halafu Aprili 2016 inakuja Boeing 737-800 ya majaribio, inakutana na upepo unaogeuka ghafla pale pale inapotaka kutua, ufunguzi ukaahirishwa. Runwei iko kama mita 300 juu ya bahari, ukingoni kabisa mwa majabali, upepo ukigonga yale majabali unavurugika. Hilo lilitakiwa lijulikane kabla hata ya kumwaga zege.

Ila ile hesabu ya zaidi ya pauni 63,000 kwa kila kichwa ndiyo inayonikera, maana watu wanaitaja kana kwamba wangeacha kujenga wasingetumia hata senti. Kisiwa kilikuwa kinaishi kwa meli moja tu, RMS St Helena, tangu 1990, siku tano baharini mpaka Cape Town, na Uingereza inatoa ruzuku kila mwaka. Meli imezeeka, kwa hiyo ni ama ulipie nyingine ama ujenge uwanja, bure haikuwepo. Na pesa tuiweke pembeni kidogo, chukua mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Jamestown, tatizo limewazidi madaktari waliopo, meli ndio kwanza imeondoka, huyo anasubiri irudi na ikirudi bado ana siku tano za mawimbi, mtu na maumivu yake! Ndege ndogo za wagonjwa zilianza kutua 2016 hiyo hiyo, wakati huku nje watu bado wanaucheka uwanja.

Safari za ratiba zikaanza tarehe 14 Oktoba 2017, Embraer E190 ya Airlink, shirika la ndege la Afrika Kusini, kutoka Johannesburg, ndege ndogo kuliko 737 na inaumudu ule upepo. Masharti yapo: ilianza na abiria wasiozidi 76 ingawa ina viti karibu 100, maana uzito unabanwa na mafuta ya akiba lazima yawepo, ikishindwa kutua hakuna kiwanja cha jirani, hata kisiwa cha Ascension, kilicho karibu kuliko vingine, ni kama kilomita 1,300. Mwaka 2018 meli ikastaafu.

Watalii wengi waliotarajiwa wakati wa kuuza mradi hawajafika, hapo wakosoaji wamepatia. Lakini kama wanataka kitu cha kukomalia leo basi wakomalie nauli, bado kubwa mno kwa mshahara wa kisiwani, mzazi anayetaka kwenda kumwona mwanawe anayefanya kazi nje anajinyima muda mrefu kabla ya kukata tiketi.